Unataka kusoma haki jinai chuoni na unapenda historia ya kale? Soma hii kabla hujajaza fomu

Wadogo zangu wa Tabora na Kigoma mliomaliza fomu siksi, hasa wa michepuo yenye historia kama HGL, HKL na HGK, matokeo yakishatoka maswali yanakuwa yaleyale, nataka kusoma mambo ya uhalifu na mahakama nichukue kozi gani, halafu kuna wachache wanaongeza kwamba wanapenda sana habari za Wagiriki na Warumi ila nyumbani wameambiwa hiyo haina kazi. Nawaandikia wote kwa pamoja, kwa sababu mimi naamini kabisa anayesoma haki jinai, yaani mambo ya uhalifu, mahakama na adhabu, bila kujua ilikotoka anasoma nusu.

Kitu cha kwanza, usichague kozi kwa jina. Pakua gaidibuku (mwongozo wa udahili) ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwenye tovuti yao, ni bure, kisha nenda tovuti ya chuo chenyewe utafute prospektasi na usome orodha ya masomo mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Tafuta kama kuna sheria ya jinai, ushahidi, mwenendo wa kesi, kriminolojia yaani kwa nini watu wanafanya uhalifu, penolojia yaani mambo ya adhabu na magereza, haki za watoto, na utafiti. Kozi ikiwa na jina zuri la haki na usalama lakini ndani masomo mengi ni menejimenti, basi jua unaenda kusoma menejimenti, na kama ndiyo unayotaka sawa, ila ujue mapema.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukitaka uwe wakili, hakimu au wakili wa serikali, ni LLB, yaani digrii ya sheria, hakuna njia nyingine, na baada ya LLB unaenda Law School of Tanzania pale Dar kwa mafunzo ya vitendo. Digrii ya kriminolojia au sosholojia haikufanyi wakili hata ufaulu vipi. Hizo zinafaa kwa mtu anayetaka ustawi wa jamii, utafiti, kazi na watoto waliokinzana na sheria, au mashirika, na kwa ndugu zangu wa Kigoma hili mnaliona kwa macho, kambi ya Nyarugusu iko hapo Kasulu na kazi za kulinda haki za wakimbizi zipo. Polisi na Magereza wana utaratibu wao wa kuajiri, wanaangalia umri, afya na mengine, digrii peke yake haikuingizi.

Sifa za kuingia: kiwango cha chini cha TCU ni principal pass mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Maana yake D mbili zinakufikisha hapo, lakini sheria kwenye vyuo vikubwa ina ushindani na vingi vinataka zaidi ya hapo, kwa hiyo soma mstari wa kozi yako kwenye gaidibuku mpaka mwisho. Unaomba moja kwa moja chuoni, na ukichaguliwa vyuo viwili au vitatu lazima uthibitishe kimoja. Kwa mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) anza na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) sasa hivi kuhakiki cheti cha kuzaliwa, na kama jina kwenye cheti limepishana na la NECTA (baraza la mitihani) hata herufi moja lishughulikie mapema, usisubiri dirisha lifunguliwe ndo uanze kukimbia.

Haya, historia ya kale. Ukitaka digrii kamili ya Ugiriki na Roma, Chuo Kikuu cha Malawi pale Zomba kinafundisha, Ghana pale Legon ipo, Nigeria pale Ibadan ipo pia. Ukibaki nyumbani unaipata kwa vipande, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kuna historia, kuna akiolojia, kuna falsafa, na ukiwa kwenye kozi nyingine uliza kama unaruhusiwa kuchukua somo la hiari kutoka idara hizo. Na msidhani ni mambo ya mbali. Kuna mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza unaotaja bandari ya Rhapta kwenye pwani hii yetu. Na Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapo Tabora Boys, ndiye aliyetafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari kwa Kiswahili mwaka 1963, akiwa rais.

Sasa namna ya kujiandaa kabla chuo hakijafunguliwa, na hii ndo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Nenda mahakamani ukakae usikilize. Mahakama ya mwanzo, ya wilaya, hata Mahakama Kuu ambayo ipo Tabora na Kigoma, kesi nyingi zinasikilizwa wazi. Vaa heshima, zima simu, usipige picha, hakimu akiingia simama, na kesi za watoto hutaruhusiwa kuingia. Ukikosa nafasi fungua TanzLII mtandaoni, hukumu za mahakama zetu zipo bure.

Chagua kesi moja ya jinai uandike mambo manne: kosa ni lipi, ushahidi gani umeletwa, nani alitakiwa kuthibitisha, na adhabu imetolewa kwa sababu gani. Halafu chukua kesi ya mwanafalsafa Sokrates, Athens, mwaka 399 KK, uandike manne yaleyale. Utakuta hapakuwa na mwendesha mashtaka wa serikali, raia wa kawaida ndiye aliyemshtaki, eti haheshimu miungu ya mji na anaharibu vijana. Waamuzi walikuwa raia kama 500 hivi. Walipomkuta na hatia kila upande ukapendekeza adhabu, yeye akasema kwanza anastahili kulishwa bure na mji, baadaye ndo akataja faini, wakachagua kifo. Linganisha na kwetu pale mshtakiwa akishatiwa hatiani anapoulizwa ana lipi la kusema kabla ya adhabu, utaelewa hatua hiyo kuliko kukariri.

Fanya hivyohivyo na Roma. Mwaka 451 na 450 KK waliandika sheria zao kwenye vibao 12, na inasimuliwa kwamba watu wa kawaida ndio waliodai, walichoka sheria kukaa vichwani mwa wakubwa. Weka hilo pembeni ya mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama hapa kwetu, mama wa Urambo aelewe anachohukumiwa. Mwaka 70 KK Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma, alimshtaki Verres, gavana aliyeipora Sicily, soma hiyo kama unawaza kazi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Na ile kanuni ya anayedai ndiye athibitishe, imo kwenye mkusanyo wa sheria za Kirumi uliotolewa na mfalme Justinian mwaka 533.

Bando likiwepo, Yale wameweka bure mihadhara mizima ya historia ya Ugiriki ya kale. Ni Kiingereza, ila kinakuandaa pia maana chuoni utasomea hichohicho.

Kwa wenye kazi au familia wasioweza kuhama, Chuo Kikuu Huria kina vituo Tabora na Kigoma, na ambaye pointi hazikutosha aulizie programu yao ya msingi (foundation). Nenda kituoni na vyeti vyako halisi na kopi, uliza ada yote ya mwaka kwa maandishi, na uliza mitihani inafanyikia wapi.