Kitunguu huhesabu saa za mchana, tungule huogopa adhuhuri

Mkulima mmoja wa Donge aliniita nikamtazamie vitunguu vyake ndani ya banda la kitalu. Majani yalikuwa ya kupendeza, yamefika magotini. Nikang'oa kimoja: chini hakuna kitu, shina limenyooka mpaka kwenye mizizi kama kitunguu majani. Na miezi minne imeshapita tangu kupandikiza! Alidhani ni ugonjwa. Nikaomba pakiti ya mbegu. Kumbe aliletewa na nduguye kutoka Ulaya.

Kitunguu maji hakiviringi mpaka mchana ufikie urefu kinaoutaka. Mbegu nyingi za Ulaya kaskazini husubiri mchana wa saa 14 hadi 16. Unguja, mchana mrefu kabisa, mwezi wa Disemba, hauzidi saa 12 na nusu. Ule mfupi, mwezi wa Juni, ni saa 11 na dakika 46 hivi. Pemba tofauti ni ndogo zaidi. Mbegu ile ingengoja mpaka kiama. Nunua Red Creole, Bombay Red au Texas Grano, zinazoridhika na mchana wetu. Muuzaji asiyejua kama mbegu yake ni ya mchana mfupi, mwachie mwenyewe. Na wanaoniuliza habari ya kufunga taa ili kuurefusha mchana: bili ya umeme itakula kitunguu kabla yako.

Sia bandani mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa bado yanapiga nje. Miche ya wiki sita hadi nane ihamishie shambani Juni, mvua zikishakatika, ili uvune kabla vuli haijashika.

Tabu ya masika ni mawingu. Saa za mchana zipo, mwanga haba, na miche hujivuta juu, shingo nyembamba, mwisho inalala. Ondoa neti ya kivuli kabisa miezi hiyo. Pitisha kidole juu ya nailoni ya paa. Kikitoka na utelezi wa kijani, basi mwanga mwingi unaishia hapo. Osha kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, usisugue kwa brashi ngumu. Miche iliyosongamana ipunguze, hata kama roho inauma.

Tazama na miti. Kuanzia Aprili mpaka Septemba jua la adhuhuri hutupitia upande wa kaskazini, kwa hiyo mwembe au mkarafuu ulio kaskazini ya banda ndio unaokuibia mwanga. Maelekezo ya Ulaya huonya juu ya upande wa kusini. Kwao ni sawa.

Kaskazi ikiingia, mambo hugeuka. Hapo tungule na pilipili boga zinaungua, hazikosi mwanga. Neti inayozuia asilimia 30 ya mwanga inatosha, ya 50 kwa saladi. Ivute saa nne na nusu asubuhi, ikunje saa tisa alasiri. Wengi huiacha juu kutwa kwa uvivu wa kupanda ngazi, halafu wanashangaa mitungule imejaa majani na maua ya kuhesabu. Nimekutana na neti iliyofungwa kwa waya, haikunjiki hata ukitaka! Tumia kamba.

Ning'iniza kipimajoto usawa wa maua, kivulini, si mlangoni penye upepo. Kikivuka nyuzi 32, maua ya tungule huanza kupukutika bila kushika tunda. Fungua pande zote mbili za banda kabla hakijafika hapo.