Ratiba ya picha kwa mtoto mwenye usonji darasa la awali: namna ya kuitengeneza na kumzoesha

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na mwalimu mwenzangu wa awali, hapa Tanga, aliyepokea mtoto mwenye usonji (autism) katikati ya muhula. Mtoto haongei. Wakiimba, ametulia, wakiambiwa waweke vitabu watoke nje, analia, anajitupa chini au anakimbilia mlangoni. Mwalimu yuko peke yake. Kiwango cha awali Tanzania ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na kila anayefundisha anajua madarasa mengi yalivyopitiliza hapo.

Mtoto wa namna hii mara nyingi halii kwa ukaidi. Hajui kinachofuata, na maneno ya mwalimu yakishatamkwa yamepotea. Picha inabaki pale pale. Anaweza kuirudia kwa macho hata mara kumi. Ndiyo sababu kupanga siku kwa vitu vinavyoonekana kumekuwa nguzo ya TEACCH, mpango wa kufundisha watu wenye usonji ulioanzishwa na Eric Schopler huko North Carolina, Marekani, mwaka 1972. Ratiba ya picha ni kadi zinazomwonyesha mtoto shughuli za siku moja baada ya nyingine, na sisi tunaweza kuitengeneza kwa boksi na kamba.

Hatua ya 1: Tazama siku yake kabla ya kutengeneza chochote

Andika ni wakati gani hasa anavurugika na ni wakati gani ametulia. Andika pia anachokipenda kwa dhati, kiwe bembea, maji au kupanga vifuniko. Kama masikio na macho yake hayajawahi kupimwa, mwone mwalimu mkuu ili muwasiliane na Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri.

Hatua ya 2: Vifaa

Boksi gumu, kamba ya katani, vibanio vya nguo vya mbao, selotepu pana isiyong'aa sana, mkasi na maka peni. Basi.

Velkro siitaki. Ikiingia vumbi la darasani haishiki tena, na ule mlio wake wa kuchanika unawasumbua baadhi ya watoto hawa, wengine unawanogea mpaka wanasahau kazi. Plastiki ngumu ya kulaminetia nayo ina shida: kadi ikielekea dirishani inamulika, mtoto haoni kitu. Tableti usiifikirie. Kibanio anakifungua kwa vidole vyake, na vidole hivyo hivyo vinajiandaa kushika penseli.

Hatua ya 3: Jua anaelewa alama ya aina gani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama, na mwalimu anahitimisha kwamba "picha hazimsaidii". Picha nzuri zimebandikwa ukutani, mtoto hata hazitazami. Kabla ya kupiga picha moja, jua mtoto yuko ngazi ipi: kitu halisi, picha ya kamera, au mchoro.

Mjaribu wakati ametulia, ameshakunywa uji, hakuna kelele. Weka jamvini vitu vitatu anavyovijua, kwa mfano kikombe, mpira na penseli. Mwonyeshe picha ya kikombe, nyoosha mkono kama unayeomba, nyamaza. Usikitazame kikombe! Baadhi ya watoto hufuata macho ya mwalimu, na utadhani ameisoma picha kumbe amekusoma wewe. Badilisha nafasi za vitu, rudia, kisha rudia tena siku nyingine.

Akipatia, bado usishangilie. Kulinganisha picha na kikombe ni jambo moja. Kujua kwamba picha hii maana yake "sasa tunakwenda kunywa uji" ni jambo jingine. Kwa hiyo muda wa uji ukifika, mpe picha mkononi bila kusema neno. Akigeuka kuelekea jikoni au kuelekea vikombe, picha inasema naye. Akiitafuna, akiipindapinda au akiitupa, shuka ngazi moja. Kushuka si kurudi nyuma. Ndiko mtoto aliko.

Ngazi ya chini ni vitu halisi. Kikombe kwa uji, mpira mdogo kwa michezo ya nje, kipande cha jamvi kwa hadithi, kopo la maji kwa choo, mkanda wa begi kwa kwenda nyumbani. Kila shughuli na kitu chake, na kitu hicho kisibadilike. Kuna mambo ya kuangalia hapa:

Usitumie kitu kidogo kinachoingia mdomoni kikamezwa. Vifuniko vya soda na shanga kubwa kwa ndogo vibaki kwenye kazi unayoisimamia mwenyewe.

Kikombe cha ratiba kikiwa chekundu, na siku hiyo vikombe vya uji ni vya bluu, baadhi ya watoto watakataa uji kabisa. Anza na chekundu, akizoea, mpe cha bluu huku chekundu kikiwa pembeni.

Kuvuka kutoka kitu hadi picha hakufanyiki kwa siku moja. Funga kitu na picha yake kwenye kadi moja. Kwa siku kadhaa kitu kionekane chote, kisha kifunike nusu kwa kitambaa, kisha robo tu ionekane, mwisho ibaki picha. Ukiona amepotea, rudisha nusu.

Picha zenyewe zipigwe hapo hapo shuleni. Picha za kutoka intaneti zina choo cha kukaa chenye vigae vyeupe. Choo cha shule ni cha shimo, kina mlango wa bati. Kwa mtoto huyu hivyo ni vitu viwili tofauti. Weka kitu juu ya shuka la rangi moja, wala si khanga, kwa sababu mtoto mwenye usonji anaweza kushika kipande kidogo cha picha akaacha kizima. Katika darasa lile, picha ya uji ilipigwa karibu na bomba, nalo bomba likaonekana pembeni. Kila akipewa ile kadi, mtoto alikwenda kufungulia maji. Alikuwa anaisoma picha sawasawa kabisa. Ni picha iliyosema mambo mawili. Tulipiga nyingine, kikombe peke yake, na safari za bombani zikakoma.

Wala usiweke mtoto mwingine ndani ya picha. Siku mwenzake asipokuja shule, shughuli yenyewe itakuwa haipo. Na zungumza na mzazi kabla ya kumpiga picha mtoto wake kwa kazi yoyote.

Chini ya kila picha andika neno moja kwa herufi ndogo zilizo wazi: uji, cheza, hadithi, choo. Siku KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) zitakapoanza, maneno hayo hayatakuwa mageni kwake.

Hatua ya 4: Anza na kadi mbili tu

Ratiba ya siku nzima ni mzigo kwa anayeanza. Tundika kadi mbili: kushoto "kwanza", kulia "halafu". Kwanza kazi fupi anayoiweza, halafu kile anachokipenda. Sema maneno machache, yale yale kila mara: "Kwanza kupanga vifuniko. Halafu bembea." Kisha subiri kimya, hesabu moyoni hadi kumi. Watoto hawa wanahitaji muda wa kulipokea jambo, na mwalimu anayerudia agizo mara tano anamfanya mtoto aanze kulipokea upya kila mara.

Akihitaji msaada, simama nyuma yake umwongoze kwa kiwiko, taratibu, halafu punguza. Ukimvuta kwa mkono ukiwa mbele, atajifunza kusubiri kuvutwa. Kama akiguswa mwili anaumia, nyooshea kadi kidole tu.

Kazi ikiisha, yeye mwenyewe afungue kibanio na kadi aidumbukize kwenye boksi la "tayari". Usimfanyie. Kile kitendo cha kudumbukiza ndicho kinachomwambia kwamba jambo limekwisha.

Na bembea lazima aipate. Hata kama alilia katikati, hata kama kazi ilikuwa hovyo, kadi ilisema bembea. Mwalimu anayeinyang'anya kadi kama adhabu ameivunja ratiba yote, maana mtoto hataiamini tena. Fimbo ndiyo kabisa haina nafasi hapa: inaongeza hofu ile ile iliyomkimbiza mlangoni.

Hatua ya 5: Refusha

Akizoea mbili, ongeza ya tatu, kisha ya nne. Zipange kwenye kamba kutoka kushoto kwenda kulia, usawa wa macho yake, karibu na anapokaa. Baadhi ya watoto wanatosheka na kadi nne hadi kipindi cha uji, na nyingine nne baada yake. Usishindane na mtu.

Hatua ya 6: Mfundishe mabadiliko

Shule zetu hazina siku mbili zinazofanana. Mvua inanyesha, mkaguzi anakuja, uji haukupikwa kwa sababu michango haikufika. Tengeneza kadi moja ya kitambaa chekundu, iwe ya "imebadilika". Ifundishe kwanza kwa mabadiliko mazuri: ilikuwa kuchora, unaiweka nyekundu juu yake, panakuwa bembea. Fanya hivyo mara nyingi kabla ya kuitumia kwa jambo baya. Nyekundu ikianza kutokea siku ya mvua pekee, ataichukia na kuichana.

Mwambie mapema pia, kabla saa yenyewe haijafika, na mwonyeshe kinachokuja badala yake. Nafasi tupu kwenye kamba inatisha kuliko kadi asiyoipenda.

Hatua ya 7: Darasa zima na nyumbani

Tengeneza ratiba kubwa ya ukutani kwa wote. Wenzake wataipenda, na yeye hataonekana ana kitu cha ajabu. Yake ya karibu ibaki ile ile.

Mama au bibi anayemleta mpe kadi tatu za nyumbani: kuoga, kula, kulala. Mwonyeshe kwa vitendo, akiwa amekaa na mtoto, kwa sababu maelezo ya mlangoni asubuhi hayakai. Mwulize naye anavyomtuliza. Mara nyingi anajua wimbo au mguso ambao shule haiujui.

Mwisho wa mwaka, kadi zote ziende na mtoto darasa la kwanza, ndani ya bahasha, pamoja na karatasi moja: yuko ngazi gani ya alama, maneno gani anayoambiwa, nini kinamtuliza. Mlete mwalimu mpya aone kadi zikitumika kabla ya shule kufungwa, na zile zilizochakaa zibadilishwe kwa picha zile zile. Ukipiga picha mpya kwa sababu ni nzuri zaidi, mtoto atalazimika kujifunza upya.