Kalenda moja, wino kumi na moja: namna ya kupunguza rangi za spoti kabla ya pleti

Novemba ikifika, meza yangu hujaa kalenda za ukutani za vyama vya akiba na mikopo, na chini ya kila kalenda kuna msururu wa nembo za wadhamini. Kila mdhamini kaja na spoti yake, yaani rangi maalumu iliyochanganywa tayari koponi. Unafungua faili unakuta wino 11, na mashine tuliyo nayo ni ya rangi nne. Kila spoti ina pleti yake, yaani bamba la kuchapia, na pleti zikizidi nne karatasi inarudi mashinani mara ya pili.

Kwanza usiguse kitu. Fungua PDF kwenye Acrobat, ingia Output Preview, dirisha linaloonyesha kila wino peke yake, uzime wino mmoja mmoja uone nini kinatoweka. Hapo utagundua kwamba wino mwingine ni jina tu, kama hii nyekundu moja ya orodha ya rangi za Pantone: PANTONE 185 C, PANTONE 185 U, PANTONE 185 CVC. Kopo ni lilelile. C ni ya karatasi yenye mng'ao, U ya isiyo na mng'ao, na CVC ni jina la programu za zamani. Kompyuta haijui hilo, itakutolea pleti tatu. Rudi InDesign, programu iliyopangia kalenda, fungua Ink Manager, majina yote uyaelekeze kwenye moja kwa Ink Alias.

Zinazobaki, jiulize kama CMYK, zile rangi nne za kawaida za mashine (samawati, majenta, njano na nyeusi), inaweza kuzitoa. Dhahabu ya Pantone 871 na fedha ya 877 haiwezi kuzitoa, kwa sababu zina chembe za metali. Orange 021 nayo hupooza sana ikigeuzwa CMYK. Hizo zinastahili pleti, na mteja alipie. Bluu ya mdhamini wa sita, nembo ukubwa wa ukucha, igeuze CMYK bila huruma, ila mteja aione prufu (nakala ya majaribio) na kuisaini. Reflex Blue mimi huigeuza kwa furaha kabisa; wino wake hukawia kukauka hadi unachafua karatasi inayowekwa juu yake.

Usibonyeze All Spots to Process, kitufe cha Ink Manager kinachogeuza spoti zote kuwa CMYK kwa mkupuo, kwa pupa. Itageuza pia vanishi na mstari wa kukatia, na ule mstari wa waridi utachapwa kwenye kila nakala. Hivyo viwili viache spoti, uviwekee overprint, yaani vichapwe juu ya rangi nyingine bila kuzikata.

Ukishatoa PDF mpya, rudi Output Preview uhesabu tena. Kisha andika majina ya wino kwenye kadi ya kazi, kwa kalamu, maana fundi wa zamu ya usiku hakuwepo ulipomweleza mwenzake wa mchana.