Kuangalia Big Brother sebuleni mama mkwe akiwepo

Nimeolewa Tanga. Nyumba moja na mama mkwe, televisheni moja, king'amuzi kimoja, na binti wa kidato cha pili anayejua kwa jina kila mshiriki wa Big Brother, kile kipindi ambacho watu wanafungiwa nyumba moja, kamera zinawafuata mpaka bafuni, na watazamaji wanapiga kura nani abaki. Haya ninayokueleza sikufundishwa na mtu, niliyajua kwa kuaibika.

Kwanza rimoti ikae kwako kabla watu hawajakaa mkekani. Chaneli ya mubashara ni kamari, mtu anaingia kuoga na wewe uko mbele ya wakwe na bakuli la mihogo mkononi. Subiri kipindi cha muhtasari wa siku, kile kimeshakatwakatwa. Namba ya siri ya king'amuzi weka, ila usiweke mwaka wa kuzaliwa mtoto. Wangu aliipata kwa jaribio la pili.

Halafu waeleze wenzako wanachokwenda kuangalia. Tukiangalia toleo la Nigeria, mama mkwe alikuwa akisema "hawa Wanaijeria hawana haya". Nikamwambia mchezo wenyewe si wa Nigeria. Ulibuniwa Uholanzi na John de Mol, ukaonyeshwa mara ya kwanza 1999, na tangu hapo unauzwa kama kiolezo cha fundi cherehani: kitambaa chako, mkato wao. Big Brother Africa ilipoanza 2003, washiriki 12 kutoka nchi 12 walifungiwa siku 106, na bunge la Malawi likapiga marufuku isionyeshwe kwenye televisheni ya taifa, kabla mahakama haijaondoa marufuku hiyo. Kwa hiyo ukichukia, hukuanza wewe.

Sasa hapa kwenye haya ndipo nilipokosea mimi. Nilidhani kitakachomkera mama mkwe ni bafu. Bafuni aligeuza uso tu, akaendelea kuchambua mchele. Kilichomsimamisha ni kile chumba chenye kiti kimoja, mshiriki anapoingia peke yake na kuwataja wenzake wawili anaotaka watoke, na sababu juu.

"Mwanangu, huyu si jana tu walikula sahani moja?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe wanamlipa asengenye."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikiangalia na watoto, hapo ndipo nasimamisha. Nawaambia huyu dada sheria za mchezo zinamlazimisha ataje, akigoma anaadhibiwa. Kisha nawauliza: kamera zinawaka saa 24, sisi tumeonyeshwa saa moja, nani kachagua saa hiyo? Mtu anaweza kucheka siku nzima ukaonyeshwa dakika aliyofoka, ukalala unamwita mshari. Binti yangu siku hizi ananitangulia: "Mama, hapo wamekata, angalia nguo yake imebadilika." Mfundishe mtoto kutazama nguo na glasi mezani, atajua mengi.

Mtu akilia na kamera ikamsogelea, mimi nahamisha chaneli. Wengine nyumbani wananuna. Wanune.

Kura: weka kiwango kabla hujaanza. Mwaka 2014 nilimaliza vocha ya wiki nzima kwa ajili ya Idris Sultan, Mtanzania aliyekuwa Big Brother Africa, nikiamini kila ujumbe wangu unahesabiwa pekee. Kumbe nchi nzima ilikuwa inahesabiwa kura moja, inakwenda kwa anayeongoza nchini humo, na sisi Watanzania tungemchagua mwenzetu hata bila mimi. Alishinda, dola 300,000 zikawa zake, mimi nikakopa nauli ya kwenda sokoni. Siku hizi kila mtu anapiga kwa salio lake, na mtoto hapigi.

Mwisho, mchague wa kukaa naye. Mashemeji wanaokuja kwa ajili ya bafu, wape chai barazani. Mama mkwe wangu hakosi tena, asubuhi akiwa anakoroga uji anauliza, "Jana katoka nani?" Ikiadhiniwa Isha anainuka. Zima sauti mwenyewe, usingoje kuambiwa.