Kupiga Kambi na Watoto katika Hifadhi za Milimani, Magharibi mwa Uganda

Familia inayotaka kuzizunguka hifadhi za magharibi mwa Uganda kwa gari na kulala kwenye hema ianze kwa kupunguza mipango, kwa sababu ramani ya huko humdanganya asiyeijua. Kutoka Kabale hadi Kisoro ni takriban kilomita 80 tu, lakini barabara hupanda na kushuka kwa kona zisizokwisha, ukungu huifunika njia ya juu milimani pale Kanaba asubuhi, na mtoto mmoja anayetapika kwenye kona hutosha kulisimamisha gari mara nne. Hesabu safari kwa saa, si kwa kilomita. Saa tano barabarani kwa siku ndizo kiwango cha juu ninachokishauri, na kila penye wanyama palaliwe siku mbili, maana siku ya kusimamisha hema au kuling'oa haibaki na nafasi ya kutazama chochote kwa utulivu. Siku 12 zinatosha kwa Ziwa Mburo, Mgahinga, Queen Elizabeth na vilima vya chini vya Rwenzori. Bwindi nimeiacha kwa makusudi: watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata gorila, na mzazi kwenda peke yake huku watoto wamebaki kambini ni kuigawa familia siku ambayo ingekuwa bora kuliko zote.

Chagua Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari. Nje ya miezi hiyo mvua huigeuza barabara ya udongo kati ya Ishasha na Katunguru, upande wa Queen Elizabeth, kuwa tope ambalo hata malori hukwama ndani yake. Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, na likaguliwe na mwenye kulipanda. Mwaka mmoja tulikodi gari lenye tairi ya akiba inayong'aa kwa upya, tukapata pancha jioni mbali na mji, na tulipoifungua tukakuta haina upepo hata kidogo. Tangu siku hiyo naibonyeza tairi ya akiba kwa mkono wangu kabla ya kulipa, kisha naomba jeki itumike mbele yangu mpaka gurudumu linyanyuke. Beba pia vitambulisho vya watu wote, kwa kuwa wakazi wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio cha chini kuliko wageni wengine, na upange malipo na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda mapema badala ya kutegemea noti mfukoni.

Anza na Ziwa Mburo, saa nne au tano kutoka Kampala, ukipumzika Kayabwe penye mstari wa ikweta ili watoto wanyooshe miguu na kula rolex ya moto, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Mburo si hifadhi ya mlima, lakini ndiyo shule ya kambi. Hakuna tembo, na watu huruhusiwa kutembea kwa miguu wakiongozwa na askari mwenye bunduki, hivyo mtoto huwakaribia pundamilia, swala pala na twiga walioletwa hapo mwaka 2015 bila kioo cha gari kati yao. Msalimie askari kwa heshima yake, "Afande, habari za kazi?", umweleze mapema umri wa watoto, naye atapima mwendo kwa miguu yao midogo. Yule aliyetuongoza alichuchumaa mbele ya binti yangu akamwambia, "Mama, ukimwona nyati, usipige kelele wala usikimbie. Nishike mkanda." Alimwita mama kama wazee wanavyowaita mabinti, na mtoto alishika mkanda ule mpaka tuliporudi.

Usiku kwenye kambi ya Rwonyo, kando ya ziwa, viboko hupanda kutoka majini kuja kula majani katikati ya mahema. Sauti yao ni ya kitambaa kizito kinachochanwa taratibu, mchano, kisha pumzi, kisha mchano mwingine, na ukiisikia mita chache kutoka kwenye mto wako wa kulalia utadhani hema lenyewe linararuliwa. Waeleze watoto sauti hiyo mchana, kabla hawajaisikia. Weka hema mbali na njia zilizokanyagwa zinazoelekea majini, maana kiboko hupita njia yake ile ile na hatari huwa kwa anayesimama kati yake na ziwa. Watoto wakojoe kabla ya kulala, na iwepo ndoo yenye kifuniko ndani ya hema, ili asitoke mtu yeyote gizani. Atakayelazimika kutoka amulike kwanza pande zote kwa tochi akiwa bado mlangoni, na mtu mzima amfuate.

Chakula chote, hata ganda la ndizi na dawa ya meno, kilale ndani ya gari lililofungwa. Nyani na ngiri hawatofautishi jiko na hema, na nyani akishaonja mkate wa familia moja, familia itakayofuata ndiyo itakayolipa. Pika mapema, ule kabla ya giza, uoshe sufuria mara moja. Kwa watoto wangu hakuna kinachoshinda gonja, ndizi tamu iliyochomwa juu ya mkaa, na chai ya maziwa, na vyote viwili huiva kwa dakika chache.

Ukishalala siku moja kando ya Ziwa Bunyonyi, panda Mgahinga. Hii ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba zisizofika 34, ikiwa na milima mitatu ya volkano: Muhavura wenye mita 4,127, Gahinga na Sabinyo. Kambi ya Ntebeko iko juu ya mita 2,000, na kwa kuwa joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, baridi ya alfajiri huwashangaza waliotoka Kampala na shuka mbili. Kosa la wengi ni kuongeza mablanketi juu na kusahau chini. Ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili, basi tandika turubai, kisha mkeka, kisha godoro la sponji, na ndipo mfuko wa kulalia. Acha dirisha la hema wazi kidogo, la sivyo pumzi zenu zitageuka matone na kuwadondokea usoni kabla ya mapambazuko.

Vilele waachieni wakubwa. Kwa watoto, nendeni na Watwa kwenye matembezi yao msituni hadi pango la Garama. Watwa waliishi kwenye msitu huo na wakaondolewa ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na ni haki watoto walisikie hilo kutoka kwao wenyewe, huku wakionyeshwa namna ya kuwasha moto na kutafuta asali. Kisoro iko karibu na mpaka wa Kongo, kwa hiyo Kiswahili chenu kitawafikisha mbali sokoni.

Kutoka Kisoro hadi Ishasha ndiyo siku pekee ndefu, ondokeni alfajiri. Huko, kusini mwa Queen Elizabeth, simba hupanda mikuyu, na njia ya kuwaona ni kuyatazama matawi mazito yaliyolala kutafuta mkia unaoning'inia, kazi ambayo watoto huifanya vizuri kuliko wazazi. Msishuke garini, na kabla ya saa moja jioni muwe kambini, kwa kuwa kuendesha gari usiku hifadhini hakuruhusiwi. Mweya, katika hifadhi hiyo hiyo, inafaa kwa boti ya Mfereji wa Kazinga, takriban saa mbili za tembo, nyati na viboko kutoka majini. Ikitokea siku moja ipungue katika ratiba, punguzeni kwingine, si hapa.

Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, huonwa vyema na familia kutoka chini, Nyakalengija, kwa matembezi ya vilima na mto yanayoongozwa na wenyeji. Vilele hujitokeza alfajiri kabla mawingu hayajafunga, kwa hiyo amsheni watoto saa kumi na mbili hata wakilalamika. Mkiwa na nusu siku kabla ya kurejea Kampala kupitia Fort Portal, tembeeni kinamasi cha Bigodi kando ya msitu wa Kibale. Mbega wekundu huruka juu ya njia, na buti za mpira zinahitajika.

Mkifika nyumbani, fungueni hema siku hiyo hiyo, hata kama mmechoka. Likung'uteni, lianikeni kivulini mpaka mishono ikauke kabisa, na msilikunje usiku kwa haraka, maana ukungu wa Mgahinga uliobaki kwenye kitambaa huota kuvu ndani ya wiki moja.