Kutafsiri faili la PO bila kuvunja ngeli

Ukifungua faili la PO, yaani faili lenye maneno ya programu yanayosubiri tafsiri, mara ya kwanza linatisha, lakini ndani yake ni jozi tu zinazojirudia: msgid yenye Kiingereza, na msgstr ambayo ni nafasi yako. Msgid usiiguse, hata ukiona ina kosa la tahajia, maana programu huitumia hiyo hiyo kuitafuta tafsiri. Mimi hufanyia kazi kwenye Poedit, programu ya kuhariri faili kama hizi. Juu kabisa hakikisha pameandikwa charset=UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), na kwenye Plural-Forms, kanuni ya umoja na wingi, pawe nplurals=2; plural=(n != 1);

Kazi yenyewe ni ngeli. Nilipotafsiri programu ya kuazimisha vitabu nilikuta "%s deleted", ambapo %s ni nafasi ya neno litakaloingizwa na programu. Nikaweka "%s imefutwa", nikasonga mbele. Siku ya majaribio skrini ikaandika "Kitabu imefutwa", halafu "Msomaji imefutwa". Mkutubi aliyekuwa kando yangu akauliza kama programu imeandikwa na mgeni. Iliniuma, kwa kuwa mwandishi nilikuwa mimi.

Kiingereza kinatosheka na neno moja. Sisi tunataka kimefutwa, amefutwa, limefutwa, umefutwa. Kwa hiyo tazama kwanza mstari unaoanza na #: ujue maneno yanatoka sehemu gani ya programu. Kisha mwombe mwandishi wa programu atenganishe matumizi kwa msgctxt, mstari unaotaja muktadha wa msgid, kila nomino ipate tafsiri yake. Akichelewa, hamishia upatanisho kwenye ngeli ya KU: "Kufuta kumekamilika: %s". Hapo nomino yoyote inakaa salama. "New" na "All" nazo zina mtego huo huo: kipya, jipya, mpya, vyote, yote, wote.

Alama za %s na %d (hii ya pili ni nafasi ya namba) zisipotee, ila mpangilio unaweza kuubadili. "%d %s" ingetoa "5 vitabu", kwa hiyo andika "%2$s %1$d" upate "vitabu 5".

Ukiona alama ya fuzzy juu ya jozi, hiyo ni tafsiri ya kukisia iliyoachwa baada ya Kiingereza kubadilika. Isome upya kabla ya kuiondolea alama. Ikibaki nayo, kwa kawaida haitaingia kwenye programu.

Mwisho endesha msgfmt -c -v sw.po -o sw.mo, amri inayokagua faili lako na kuligeuza kuwa faili la MO linalosomwa na programu, usahihishe inayoyalalamikia, kisha ufungue programu na kubonyeza kila kitufe. Mimi nilimpa yule mkutubi abonyeze mwenyewe. Alifuta kitabu, akafuta msomaji, akaendelea na kazi yake bila kuuliza chochote.