Namna ya kusoma jalada la malalamiko ya abiria wa meli Washington, 1850

Jalada hili lilichapishwa kwa amri ya Bunge la Uingereza mwaka 1851. Kiini chake ni barua ya Vere Foster, mtu mwenye mali aliyesafiri makusudi katika daraja la chini kutoka Liverpool hadi New York, ajionee wanavyotendewa wahamaji. Barua inachoma moyo, lakini usianze nayo. Anza na tikiti.

Tikiti ndiyo mkataba. Iliahidi posho hii kwa wiki: biskuti ratili 2½, unga wa ngano 1, unga wa oti 5, mchele 2, sukari nusu, molasi nusu, na chai wakia 2. Jumla ni kama kilo 5.3. Maji ni robo tatu ya galoni kila siku.

Hapo kwenye maji wengi hukosea. Meli ilikuwa ya Marekani, hivyo msomaji huchukua galoni ya Marekani na kupata lita 2.8. Lakini safari ilianza Liverpool, hivyo kipimo cha sheria kilikuwa cha Uingereza: lita 3.4, na humo mlikuwa na ya kupikia. Kosa la pili ni kuzidisha posho kwa abiria wote 900 na zaidi. Watoto wawili wenye umri wa mwaka 1 hadi 14 walihesabiwa mtu mzima mmoja, kwa hiyo tenganisha umri kwanza. Ukiruka hatua hii, upungufu utaonekana mkubwa kuliko ulivyokuwa, na mtetezi wa nahodha atakubana hapohapo.

Sasa fungua barua. Chora safu tatu: tarehe, kilichoahidiwa, kilichotolewa. Siku za mwanzo hapakugawiwa chakula. Kilipoanza kutolewa, kilipunjwa. Andika pia nani alizuia malalamiko, maana hilo ni kosa la peke yake. Foster alipopeleka barua ya abiria kwa nahodha, ofisa wa kwanza wa meli, msaidizi mkuu wa nahodha, alimwangusha kwa ngumi. Vifo vya watoto, kama 12, Foster anavihusisha na kuhara damu kwa kukosa lishe. Viandike kama ushahidi wake, si kama uamuzi wa daktari.

Mwisho soma majibu ya maofisa wa serikali ya Uingereza ukijiuliza: nani angeweza kushtaki? Sheria ya Uingereza, meli ya Marekani, mashahidi wametawanyika ng'ambo. Kisha linganisha na ripoti za kamati ya Bunge ya 1854 kuhusu meli za wahamaji na Sheria ya Abiria ya 1855, uone ni mwanya upi ulizibwa.